Fundi Makufuli Arudisha Vitabu

Nelda, pokea. Vitabu vitano.
Vinne vimewahi tarehe kwa siku mbili,
cha tano tutakifikia.
Doa hilo ukurasa wa sitini ni la mate,
mate ya kunywa, si ya mdomoni,
na faini yake nitalipa Ijumaa, hoteli ikinilipa.

Umeniuliza nimeonaje.
Umeuliza mwenyewe, basi vuta kiti.

Hiki cha maiti katika chumba kilichofungwa kwa ndani:
kurasa mia tatu mpelelezi anapapasa kuta,
anagonga sakafu, anapima dirisha kwa utepe,
anamshuku mpwa, anashuku bomba la moshi,
anashuku weee,
wala hashuki chini apige goti mbele ya kitasa.
Mimi ningepiga. Miaka thelathini na mmoja
nimevipigia magoti vitasa vya Paysandú kuliko altare.
Kitasa kilichochezewa kina mkwaruzo
mwembamba kama unywele wa mtoto,
unang'aa katikati ya kutu.
Ningemaliza hadithi ukurasa wa nne.
Ila nakiri: yule mpishi aliyelia huku akimenya viazi,
muuaji nimeshamsahau, hata jina,
viazi vile bado vinamenywa kichwani mwangu.

Hiki mnasema ni cha kutisha.
Nyumba ya urithi, ngazi, milango inayojifungua usiku.
Mlango unaojifungua si jini, Nelda.
Ni bawaba iliyolegea
na nyumba iliyotitia upande mmoja mto ulipofurika.
Peso mia nane, na ninamaliza kabla birika halijapoa.
Mimi hunitisha ule usiofunguka.
Mtunzi angekuja dukani akaniuliza.

Hiki chekundu sikukimaliza.
Damu imemwagwa humo
kama chumvi kwenye mchuzi wa mpishi mwenye mafua.

Hiki sasa.
Mji wa kesho, hakuna funguo,
mlango hukutambua kwa pumzi.
Nilikicheka mpaka sura ya tisa,
mzee anatoka hospitali na pafu moja
na mlango wake mwenyewe unamwambia, kwa adabu,
samahani, sikufahamu.
Nikakifunga.
Nikaenda kusimama mbele ya kabati la funguo mbichi,
zile ambazo bado hazijaota meno,
nikasimama tu, na soksi zangu, saa nane ya usiku wa Julai.
Huyo mtunzi ni mwana wa nani?
Picha yake hii hapa nyuma, ndevu hazijakutana.
Amejuaje?

Haya, cha tano.
Hiki si changu, angalia kadi.
Ni cha don Heber Bidegain, wa nyuma ya stesheni.
Binti yake alinipigia kutoka Salto, simu haipokelewi.
Mlango ulifungwa kwa ndani, komeo na mnyororo.
Nikapiga goti. Hapakuwa na mkwaruzo.
Dakika sita, na mikono yangu huwa haichukui sita.
Redio ilikuwa inasoma bei za ng'ombe.
Yeye kitini, miwani puani,
kitabu kimelala kifudifudi juu ya goti lake
kama paka aliyezoea.
Hapakuwa na fumbo lolote, Nelda.
Hapakuwa na mtu wa kushuku.
Polisi aliandika mistari miwili akaomba kalamu yangu iwe yake.

Binti alisema nikirudishe.
Nimechelewa wiki tatu, kosa langu.
Aliishia ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.
Jana nilianzia hapo hapo, nikammalizia.
Ni daktari wa meno.
Heber, namjua, angeapa ni yule mjane.

Faini iandike kwangu, pamoja na ile ya doa.
Na unipe kingine, chochote,
chenye milango michache.